Mtoto Aliyefichwa Msiba

Tulipohamia Rockville, huku Amerika, kwenye majengo ya kupanga nyuma ya ile barabara kubwa ya maduka, mlango uliotazamana na wetu ulikuwa wa mke na mume Wachina. Mume alikuwa mtafiti wa mambo ya anga kule Greenbelt. Mke alisomea uhasibu kwao, na huku alikuwa anaanza upya darasani. Mimi nilikuwa na mume na wanangu wawili, na nililea watoto wa watu nyumbani, kazi ambayo wanawake wengi wa kwetu tuliianzia. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, naye alikuwa mjamzito. Tulisalimiana kwenye ngazi kwa Kiingereza cha kuungaunga, kila mmoja akimsamehe mwenzake makosa.

Alipojifungua binti, mama yake alikuja kutoka Uchina kumuuguza. Hapo ndipo tulipozoeana. Bibi yule hakujua neno la Kiingereza, lakini nilichokiona ndani mwao kilikuwa uzazi wa kwetu Tanga kabisa: mzazi kafungwa kitambaa kichwani, haruhusiwi kugusa maji ya baridi, madirisha yamefungwa, tangawizi kwenye kila sufuria. Sisi tuna arobaini, wao wana mwezi. Siku moja aliniletea bakuli la supu ya miguu ya nguruwe. Nilisimama nalo mlangoni. Binti yake akampigia kelele kutoka chumbani kwamba sisi Waislamu. Bibi akashika mdomo, akacheka, akaondoka na bakuli lake, akarudi na mayai ya kuchemsha yaliyopakwa rangi nyekundu. Tukayala pale pale tumesimama.

Viza ya bibi ilipokaribia kwisha, jirani yangu alikuja kukaa jikoni kwangu, mtoto kifuani.

"Mama anaondoka naye," aliniambia.

"Naye nani?"

Akamtazama mtoto.

Mumewe alikuwa akishinda kazini, yeye alikuwa na masomo ambayo akiyaacha asingeyarudia. Mtoto angekaa na bibi mpaka afikie umri wa shule. "Wenzetu wengi wanafanya hivi, dada," alisema. "Na mama yangu yuko peke yake tangu baba afariki. Ana mimi tu." Alizaliwa wakati serikali yao ilipokuwa ikiruhusu mtoto mmoja, hakuwa na kaka wala dada wa kumsaidia kumtunza mama. Alilisema hilo kama mtu anayeniambia mvua itanyesha.

Nilimwambia niachie mimi, mlango ni huu, utakuwa unamwona asubuhi na jioni. Alitikisa kichwa. Nadhani alikwisha kuamua, na alichokuja kutafuta kwangu ni mtu wa kukaa naye tu.

Walipoondoka maziwa yalimjaa, akapata homa. Nilimkanda kwa kitambaa cha maji ya moto, naye akalia bila sauti, uso kaugeuzia ukutani.

Miaka ile alimlea mwanawe kwenye kompyuta. Asubuhi za Jumamosi aliniita nije nimwone: leo anakaa, leo anasimama dede, leo ana meno. Mimi macho yangu yalikuwa yakienda nyuma ya mtoto, kule nyumbani kwao. Mwanzoni ilikuwa nyumba ya chini, ya matofali, kwenye kichochoro, na majirani walikuwa wakiingia bila hodi, wanachungulia kamera na kunipungia mkono mimi mtu mweusi wa Amerika. Halafu Jumamosi moja nikaona ukuta wa nje umechorwa alama kubwa ya rangi.

"Hiyo ni nini?"

"Wanabomoa. Mtaa mzima."

Baada ya hapo nyuma ya mtoto palikuwa na ukuta mweupe. Bibi alipewa nyumba ghorofa ya kumi na moja, majirani wakatawanywa kila mmoja upande wake wa mji. Jirani yangu alifurahi: sasa mama ana choo cha ndani, ana maji ya moto. Lakini bibi alimwambia kwamba siku nyingine anashuka na lifti akatazame watu tu, na watu wenyewe hawasalimii. "Kwetu kunakuwa kama hapa," jirani yangu aliongeza, na sikuweza kujua kama anajivuna au analalamika.

Mtoto alipokaribia miaka mitano, baba yake alikwenda kumchukua. Nilikuwepo walipofika. Mama alikuwa amepika tangu alfajiri. Msichana alisimama mlangoni na begi lake mgongoni, hakukubali kuvua viatu. Alimwamkia mama yake vizuri sana, akauliza jambo. Mama alicheka kidogo, kisha akaingia jikoni, na hakutoka. Baba ndiye aliyenieleza: "Amemwita shangazi. Ameuliza kesho wanarudi saa ngapi."

Mchana nilimpokea kwenye basi la shule pamoja na wanangu. Mimi pia aliniita kwa neno lile lile la shangazi, kwa hiyo mimi na mama yake tulikuwa sawa kwake. Neno la kwanza la Kiswahili alilojifunza kwangu lilikuwa "sitaki". Kwao alikuwa hali mpaka kompyuta iwekwe mezani na bibi aonekane. Bibi naye akawa analeta bakuli lake mbele ya kamera, wakala pamoja, kule kumekucha na huku kunakuchwa. Mama yake alikaa pembeni na kijiko mkononi.

Basi majira ya baridi yalipofika bibi alianguka nyumbani kwake. Kule kwenye kichochoro angesikika. Ghorofa ya kumi na moja hakuna aliyemsikia, na alipofikishwa hospitali hakukaa sana.

Jirani yangu alinieleza akiwa amesimama, koti mwilini. "Mama amekufa. Mume wangu anakwenda kuzika. Mimi siwezi kutoka, karatasi zangu za ukaazi hazijakamilika, nikitoka huenda nisirudi." Halafu akanishika mkono. "Mtoto tumemwambia baba amesafiri kikazi na kompyuta ya bibi imeharibika. Dada, usimwambie. Ndiyo kwanza ameanza kula."

Baba yangu alipokufa Tanga, Waswahili walijaa nyumbani kwangu. Walitoka Columbia Heights, walitoka Greenbelt, na masufuria yao, wakasoma hitima, wakanikalisha chini na kunilaza, nikalia mpaka nikachoka. Yeye kesho yake alipaka rangi ya mdomo akaenda darasani. Mume wangu aliniona ninavyohangaika. "Mtoto si wako, msiba si wako," alisema. "Nyamaza." Nikanyamaza. Kila mchana msichana aliniuliza kama mafundi wamekwisha kutengeneza kompyuta, nami nikawa namkatia tunda, namwashia katuni.

Siku moja, baba yake alipokuwa amerudi, msichana alikaa mezani kwangu hagusi kitu. Nilikuwa namenya machungwa.

"Bibi amekufa?" aliniuliza. Neno bibi alilipata kwa wanangu.

"Nani amekwambia?"

"Miwani yake iko kwenye begi la baba. Bibi haoni bila miwani."

Kisu kilisimama mkononi. Ningemwambia hapana, ningemdanganya mtoto ambaye amekwisha kujua. Ningemwambia ndiyo, ningechukua neno lisilokuwa langu. Nikafuta mikono, nikamshika, tukavuka korido, nikabisha.

"Anajua," nilimwambia mama yake.

Alinitazama kwa jicho ambalo sijalisahau. Msichana akaanza kusema kwa lugha yao, polepole, halafu kwa kelele, sentensi moja anairudia na kuirudia. Mama aliketi chini katikati ya viatu vya mlangoni. Alinyoosha mkono, mtoto akarudi nyuma mpaka akanigota mapajani. Mimi sikuelewa neno hata moja. Nilimwacha mlangoni kwao, nikaingia kwangu nikalia.

Mama yake aliacha kumleta kwangu. Akampeleka kwa mwanamke mwingine, Mchina mwenzao, na tulipokutana kwenye ngazi aliniamkia kwa adabu, kama mgeni. Miezi ikapita hivyo. Masika ilipoingia, siku yao ya kusafisha makaburi, alibisha hodi akaniomba sufuria kuukuu. Tukashuka wote watatu hadi nyuma ya jengo, wanakoegesha magari. Akawasha ndani ya sufuria karatasi wanazowachomea wafu wao, msichana akawa anatia moja moja. Hapo mama akalia kwa sauti, mara ya kwanza nimsikie. Msichana alimtazama kwa muda. Kisha akasogea, akasimama karibu naye, asimguse.

"Unajua siku ile alikuwa anasema nini?" mwenzangu aliniuliza tukiwa tunamwaga majivu. "Alikuwa anasema: mama yangu amekufa na hamkuniambia." "Mama, alisema. Si bibi."

Nilimshika bega.

Kabla miaka ile haijakwisha walirudi kwao. Mume aliitwa kufundisha kwenye chuo kikuu, siku hizo kazi nzuri zilikuwa zimeanza kupatikana kule zaidi ya huku, na wengi wa wenzao walikuwa wanafunga mizigo. Msichana sasa alizungumza Kiingereza kama wanangu, Kichina akijibu kwa shida, na mama yake alikwisha kuitwa mama, japokuwa kwa Kiingereza. Asubuhi ya safari tuliwasaidia kushusha masanduku. Mama alikuwa anamfunga kamba za viatu pale kwenye ngazi.

"Na wewe unapanda ndege hii hii?" msichana alimuuliza.

"Hii hii. Wote watatu."

Walipofika chini aliuliza tena. Kwenye gari, mlango ukiwa bado wazi, nikamsikia anauliza tena, na mama yake akamjibu tena, kwa upole, kama vile ndiyo kwanza anaulizwa.