Koti Nyuma ya Mlango

Mvua ya Tukuyu ikishika, sakafu ya saruji huwa baridi kama jiwe la mtoni, na magoti ya watu wazima ndiyo yanayolia kwanza. Ndiyo maana miswala ya Saada inapendwa. Huishona kwa mapazia ya mtumba, ndani akatia blanketi kuukuu. Kabla ya kushika mkasi huifua nguo na kuisuuza mpaka maji yatoke kama yalivyoingia, maana nguo ya kusalia lazima iwe twahara.

Mapazia huletewa na Ikupa, muuza mitumba wa Mpuguso.

"Mama Nahla, hili je? Zito hili!"

"Lina ndege, shoga. Mtu atasali au atatazama ndege?"

"Basi nishonee mimi. Sisi wa kanisani tunasali tumefumba macho."

Wakacheka mpaka mtoto Nahla akaamka mgongoni kwa Saada.

Wiki hiyo mkwe wake Saada, Bi Suad, alikuwa Kyimo kwa binti yake aliyejifungua. Saada akaona ndiyo nafasi ya kumshonea mswala wake. Mumewe, Mzee Nurdin, alipofariki, Bi Suad alizitoa nguo zake zote sadaka, isipokuwa koti la sufu lililobaki kwenye msumari nyuma ya mlango. Kila akipita hulishika mkono, kama anayemsalimia mtu. Sasa nondo walikuwa wameanza kulila. Saada akalishusha, akalifua, akalikata. Hakumuuliza mtu.

Bi Suad aliporudi, hata kikapu hajakitua, macho yakaenda kwenye msumari.

"Koti liko wapi?"

"Nimekushonea mswala, mama."

"Nimekuuliza koti!"

"Ndilo hilo, mama. Nimelikata."

Bi Suad akakaa kitandani. "Yaani leo nimkanyage mume wangu?"

Usiku wote aliokuwa akishona, Saada aliwaza nondo na baridi. Hasira hii hakuiwaza. Akautandaza mswala, akapiga magoti pembeni yake.

"Huku miguuni ni pazia la Ikupa, mama. Magotini blanketi. Koti nimeliweka huku juu tu, pa kuweka kipaji cha uso."

Adhana ya alasiri ikaita, Bi Suad akatoka kutia udhu, akarudi maji yakimchuruzika mikononi. Akasimama mbele ya mswala, kitambo. Kisha akapanda.

Saada akambeba mtoto, akasogea mlangoni. Aliposujudu, Bi Suad alikawia. Alikawia hata Saada akaogopa. Hatimaye akainuka, akamaliza sala yake, akatoa salamu kulia na kushoto, akabaki ameketi, kiganja juu ya ile sufu.

"Siku nyingine uniulize."

"Nisamehe, mama."

"Na mikono ya koti lake umeitupa?"

"Ipo kwenye kapu."

"Usiitupe." Akamtazama Nahla, aliyekwisha teremka kwa mama yake na sasa anavuta ncha ya mswala. "Huyu naye atataka wa kwake. Umkatie mdogo, babu yake amweke joto."