Jinsi Simenti na Radi Walivyoshinda Bwera

Mwezi uliopita mvua ilinikuta Bwera, mji wetu wa Uganda mpakani na Kongo, katikati ya soko na nyumbani, nikakimbilia chini ya upenu wa ghala moja la kahawa. Mlango ulikuwa wazi. Nilichungulia ndani nikaona magunia yamepangwa hadi karibu na bati, na chini yake sakafu ya simenti iliyoinama kuelekea mbele, kana kwamba fundi aliimwaga akiwa amelewa. Hapo ndipo nilipojua nimesimama wapi. Hakuna ghala linalohitaji sakafu ya namna hiyo. Mjomba wangu ndiye aliyetaka iinamishwe, ili watoto walioketi nyuma waone televisheni juu ya vichwa vya wenzao.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya 2010, na hapa palikuwa kibanda cha video. Kama ulikulia huku, huhitaji kuambiwa. Kama ulikulia kwingine, wazia chumba kimoja cha kuta za udongo, blanketi zito limening'inizwa mlangoni kuzuia jua, jenereta inakohoa nyuma ya ukuta, na harufu ya petroli iliyochanganyika na harufu ya miguu na ya karanga alizokaanga bibi yangu. Bibi aliketi mlangoni na beseni lake, akipima kwa kikopo cha nyanya, akimtazama kila anayeingia usoni kwanza, kisha miguuni.

Jumamosi ilikuwa siku yetu. Asubuhi tulianika kahawa kwenye mikeka, tukaigeuza kwa nyayo, mistari mirefu kama shamba lililolimwa, huku tukifukuza kuku. Bibi hakumwachia mtu kabla mistari yake haijanyooka. Saa nane mchana tulikimbia kuteremka, vidole vya miguu vikinuka maganda ya kahawa, kwenda kutazama mieleka.

Mjomba alikaa juu ya kreti ya soda, pembeni ya televisheni, na kipaza sauti kilichofungwa kwa ukanda wa mpira wa baiskeli. Watangazaji wa kwenye CD walipayuka kwa Kiingereza, nasi hatukuambulia kitu. Mjomba alikuwa amefanya kazi mpakani, akiwajazia madereva wa malori karatasi zao, na Kiingereza kilimganda huko. Alikichukua kile cha kwenye televisheni akatupatia kwa Kiswahili chetu cha mpakani, akitia Lhukonzo, lugha yetu ya nyumbani, pale Kiswahili kilipomwishia. Hakutafsiri tu. Alinguruma, alilia, alihema. Mtu akipigwa tumboni, mjomba ndiye aliyeguna.

Na waliopigwa na kupiga kwa ajili yetu walikuwa wawili. Majina yao ya kweli sikuwahi kuyajua. Mjomba alimwita mmoja Simenti, kwa sababu alikuwa mpana na wa kijivujivu kama mfuko wa simenti uliotoka kiwandani Hima, na mwingine Radi, mwembamba, ambaye hukumwona akiondoka mahali, ulimwona ameshafika. Walipigana kwa zamu. Mmoja akiwa ulingoni, mwenzake alisimama kwenye kona, nje ya kamba, mkono ameunyoosha. Hakuruhusiwa kuingia mpaka mkono huo uguswe. Simenti alipoangushwa na kuanza kutambaa kuelekea ule mkono, kibanda kizima kilisimama. "Gusa mukono! Gusa mukono!" Tulikauka koo. Alipougusa, Radi aliruka kamba, na sisi tulikumbatiana na watu tusiowajua.

Walishinda, wakashinda tena, wakabeba mikanda ya dhahabu. Kisha wakahama.

Mjomba alitutangazia kwa sauti ya kutangaza msiba. Walikuwa wameiacha kampuni yao ya zamani ya mieleka wakaenda kwenye kampuni mpya, kubwa zaidi, yenye moshi na taa na watu wengi kuliko soko la Mpondwe. Tulisubiri majuma mengi CD ya kwanza ivuke kutoka Kongo. Siku ilipofika nilivaa gauni la kanisani.

Walitoka kwenye moshi wamevaa makoti ya rangi ya waridi yenye manyoya shingoni. Watazamaji wa huko waliwacheka. Ulingoni, hawakumaliza hata muda wa kumenya karanga. Radi alilazwa chali, mwamuzi akapiga sakafu mara tatu, basi. Siku hiyo mjomba alitafsiri kweli yote. "Bameshindwa," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo. Mtoto wa jirani alilia mpaka akatapika karanga. Jumamosi iliyofuata walipigwa tena, na iliyofuata nusu ya kibanda ilikuwa tupu. Bibi alirudi nyumbani na beseni limejaa.

Jumamosi ya nne mjomba hakuwasha televisheni moja kwa moja. Alisimama mbele yetu, akapuliza kipaza sauti.

"Batoto, musikilize. Nilikosea. Kampuni mupya iko na sheria mupya. Nimeuliza mutu mwenye anajua. Kule, mwenye kulala chini mpaka tatu, ni yeye anashinda. Juu ya nini? Juu amevumilia!"

Kijana mmoja wa nyuma akauliza, "Na bale benye kuinua mikono?"

"Beko naomba musamaha."

"Na makoti?"

"Makoti ya mufalme. Wewe ulishaona mutu ya kawaida na manyoya?"

Halafu akawasha. Simenti alianguka, na mjomba akahesabu, moja, mbili, tatu, akapasua kibanda kwa sauti: "Bameshinda!" Wapinzani walizunguka ulingo wakiinua mikono, na tuliwaona wakiomba msamaha. Simenti na Radi waliondoka vichwa chini, na tuliona ni aibu ya mtu anayesifiwa sana. Nakuapia, rafiki yangu, tuliona hivyo. Macho yalikuwa yangu, lakini aliyeyatumia alikuwa mjomba. Kwa mwaka mzima na zaidi, Simenti na Radi hawakushindwa Bwera hata mara moja.

Nilipofika darasa la sita nilipelekwa shule ya bweni mjini Kasese, kwenye joto na vumbi, ambako maji yalichotwa bombani mbali na bweni na posho, ugali wa huko, ilikuwa na vidonge. Nililia majuma mawili. Nilichobeba kutoka nyumbani ambacho hakuna aliyeweza kukiiba sandukuni kilikuwa ni kile nilichokijua juu ya mieleka. Katika bweni letu kulikuwa na binti wa askari, msichana mrefu kutoka kambini aliyezoea kuamrisha. Jioni moja, tukianua nguo, wasichana walikuwa wakibishana nani ni bora kati ya wanaopigana wawili wawili. Nikasema, kwa kiburi changu chote cha Bwera, kwamba Simenti na Radi hawajashindwa tangu wahamie kampuni mpya. Nikawaeleza walivyo, makoti na kila kitu, ili wajue ninaowasema.

"Wewe, kuja hapa," alisema binti wa askari. "Rudia."

Nikarudia. Nikaeleza na sheria, kwamba anayehesabiwa tatu ndiye mshindi kwa kuwa amevumilia.

Kicheko kile bado ninacho masikioni. Mmoja alijilaza kwenye nyasi akaniomba nimhesabie. Niliapa mbele ya wote kwamba mjomba wangu anajua Kiingereza, kwamba yeye hawezi kukosea, na kwamba kama ni uongo, nitambebea binti wa askari jerikeni lake la maji kila asubuhi hadi muhula uishe.

Siku ya wazazi baba yake alikuja, amevaa sare, na mfuko wa mikate. Alituambia tusimame wima, akasikiliza kesi yote bila kucheka.

"Nani alikuambia hivyo, binti?"

"Mjomba wangu, afande."

"Mjomba yako anafanya siasa?"

"Hapana, afande. Anatafsiri video."

Hapo alicheka. Alicheka mpaka akavua bereti akajifutia macho. Kisha akaona uso wangu, akaacha, akanipa mkate mmoja. "Hao watu walipigwa kila siku," alisema taratibu. "Sisi kambini tuliwahurumia."

Basi nilibeba maji. Lita ishirini kila asubuhi, mpini wa jerikeni ukinikata vidole, na wasichana wakiniita Tatu. "Tatu, upesi!" Lakini sikukuambia haya ili unionee huruma kwa maji. Katika ile njia ya bombani nilikuwa nikimtafutia mjomba njia ya kutoka. Nilisema labda alidanganywa na yule mtu aliyemuuliza. Nilisema labda hajui Kiingereza kingi kama tulivyodhani. Ningemsamehe ujinga, bila hata kuombwa. Nilichotaka ni aseme tu.

Likizo ilipofika, Jumamosi ya kwanza, niliketi mahali pangu mbele. Kibanda kilijaa. Ilikuwa CD ya zamani, pigano nililoliona mara nyingi, Radi chini, mkono wa Simenti ukiwa mbali kwenye kona. Mjomba akahesabu. Moja, mbili, tatu. "Bameshinda!"

Nilijikuta nimesimama mbele ya televisheni.

"Wameshindwa," nilisema. "Aliye juu ndiye anayeshinda. Ni hivyo kila mahali. Mjomba anajua."

Jenereta iliendelea kukohoa. Mjomba alinitazama, na ninakuambia, katika macho yake hapakuwa na ujinga wowote. Alijua. Alijua tangu Jumamosi ile ya nne. Nikaona anavuta pumzi, nikadhani sasa atasema, na moyo wangu ulikuwa umeshaanza kumsamehe.

Alileta kipaza sauti mdomoni.

"Munaona huyu? Miezi tatu tu Kasese, sasa iko najua mieleka kupita benye kupigana! Ni mutoto ya dada yangu, lakini leo iko nadanganya."

Walicheka wote. "Toka mbele ya TV! Mutoto ya Kasese, toka!" Maganda ya karanga yalinipiga shingoni. Mtoto wa jirani, yule aliyelia hadi kutapika, alinivuta gauni kwa nguvu hadi mshono ukaachia. Na mjomba alikuwa ameshageukia televisheni, akinguruma kwa ajili ya pigano lililofuata.

Nje, jua lilinipofusha. Bibi hakuacha kumenya karanga.

"Umemwaibisha mjomba wako mbele ya watu," alisema.

"Yeye ndiye aliyedanganya, bibi."

"Kwani wewe ulitaka washindwe?"

Nilikwenda nikaketi kwenye mikeka ya kahawa, nikaigeuza kwa miguu ingawa hakuna aliyenituma. Sikuingia tena kibandani. Mjomba alinisalimu kama kawaida, akanitania kama kawaida, akanisindikiza kwenye gari shule zilipofunguliwa na kunibebea sanduku begani. Hakulisema jambo lile, wala mimi.

Kibanda kilikufa chenyewe. Simu ziliingia, kila kijana akatembea na mieleka mfukoni, na kwenye simu hakuna wa kukuambia kwamba anayeinua mikono anaomba msamaha. Bibi tulimzika. Blanketi la mlangoni, kreti, ile sauti iliyoweza kujaza watu mia kwa furaha isiyokuwepo, vyote vimekwenda, na nikivikumbuka ninavitamani na kuumia kwa pamoja, kwa hiyo sivikumbuki mara nyingi.

Mjomba siku hizi hutafsiri kanisani. Jumapili baada ya ile mvua nilikwenda kumsikiliza. Mhubiri alikuwa mgeni aliyetoka mbali, mtu mpole mwenye uchovu usoni. Mwishoni aliomba radhi. Alisema kwa Kiingereza, maneno ya wazi kabisa, kwamba wale waliowaahidi waumini mabati ya paa wamebadili mawazo, kwamba mabati hayatakuja, na kwamba anaona aibu kuwa yeye ndiye wa kulisema. Akamgeukia mjomba.

Mjomba amezeeka, lakini alivuta pumzi ileile.

"Mutumishi anasema, mabati beko nayo njiani. Inabaki maombi yetu tu."

Kanisa lililipuka. Akina mama walipiga vigelegele, mzee mmoja akatupa kofia juu. Mhubiri aliwatazama kwa mshangao, kisha machozi yakamjaa, kwa kuona watu wanaopokea habari mbaya kwa moyo mkubwa namna ile. Nilikuwa benchi la tatu. Safari hii sikuinuka.

Baadaye tulikula nje, sahani mkononi. Mjomba alikuja akasimama karibu nami, akashusha sauti.

"Wewe umesoma, unajua Kiingereza kunipita. Leo nilitafsiri muzuri?"

Katika miaka yote hiyo hajawahi kuniuliza neno kama hilo. Alisubiri kwa kweli, uso wake wazi, na sijui alitaka nini kutoka kwangu. Yule mtoto wa mikeka ya kahawa niliyekuwa angesema ukweli pale pale, kwa sababu alimpenda kiasi cha kutaka aache.

"Vizuri sana, mjomba," nilisema.

Akachagua kipande cha nyama kwenye sahani yake, kile kikubwa, akakiweka kwenye yangu.