Msiba wa Majani

Nina mwenzangu mmoja, mzee mstaafu kama mimi, ambaye mpaka leo ananiita Mfiwa. Yeye alifundisha hesabu chuo kikuu, mimi nilifundisha elimu ya udongo, na sote wawili tumerudi kuzeekea Sumbawanga. Akifika kwangu jioni haanzi na hodi. Husimama mlangoni, akavua kofia yake na kusema, "Mfiwa, majani hayajambo?"

"Hayajambo," humjibu. "Yamelala."

Juzi mjukuu wangu, ambaye ndiyo kwanza ameanza chuo, aliniuliza kwa nini babu huyu ananiita hivyo. Kisha akauliza la pili, kwa sauti ya chini kidogo: je, mtu anayekuja kuwa profesa huwa anajijua tangu utotoni? Yeye masomo yanamchanganya, na anadhani wenzake wote wanaelewa. Nilimwambia maswali yake mawili yana jibu moja, akae nimsimulie.

Lazima nianze na kilimo chetu. Uwanda wa Ufipa una nyasi nyingi na miti michache. Mvua zikikaribia kuisha, ardhi ikiwa ingali laini, tulikata nyasi kwa jembe pamoja na udongo wake, tukazipindua, tukazirundika kwa duara, majani yakabaki ndani na udongo nje. Rundo hilo, linalofika magotini, ndilo ntumba. Juu yake tulipanda maharage. Msimu uliofuata tulilibomoa, na udongo uliokuwa mwekundu ulitoka mweusi, tukautawanya na kupanda ulezi. Ukisimama juu ya kilima ukatazama shamba lililokwisha kulimwa, utadhani kuna mtu amefunika vyungu bondeni kote.

Nilikuwa darasa la nne, katika shule ya mjini, na nyumbani kwetu kulikuwa mwendo wa saa nzima kwa miguu. Enzi hizo za Mwingereza darasa la nne ndilo lililokuwa mwisho wa safari kwa walio wengi. Waliobahatika waliendelea na shule ya kati, na kwa msichana maana yake ilikuwa bweni la masista, mbali na nyumbani. Mwalimu wetu aliruhusiwa kupendekeza msichana mmoja tu. Alikwisha kuniambia kwamba angependa niwe mimi, lakini hawezi kupeleka jina kama baba hajakubali. Na baba alikuwa amekataa.

"Anajua kusoma sala, anajua kuandika jina," alisema baba. "Anakwenda kuongeza nini huko?"

Mama alikuwa akichambua maharage, akaendelea kuchambua.

Mwalimu alikuwa mtu wa pwani, mrefu, aliyeteswa sana na baridi yetu. Alivaa koti hata saa sita mchana. Siku moja alitutaka kila mmoja aeleze kwa Kiswahili kazi inayofanyika kwao. Watoto wa mjini walisimulia maduka na malori. Zamu yangu ilipofika nilisimama na kusema kwa sauti safi, "Sisi kwetu tunazika majani."

Nyumbani tulisema Kifipa, na kwa kinywa chetu neno lilikuwa moja, la mtu na la majani. Nililitafsiri kama nilivyolijua.

"Majani yamekufa lini?" mwalimu aliuliza. Nadhani hakukusudia mzaha.

"Bado hayajafa, mwalimu. Yanafia mlemle."

Darasa lilivunjika mbavu. Wakati wa mapumziko mvulana mmoja, mtoto wa mwenye duka la nguo, alivua kofia yake, akanijia taratibu, amenyoosha mikono miwili ya pole. "Pole sana, dada," alisema kwa uso wa huzuni. "Msiba huu ni wa nyumba yenu tu, au ni wa ukoo mzima?" Nyuma yake walijipanga wengine. "Pole, Mfiwa." "Matanga lini, Mfiwa?" Mmoja aliuliza kama marehemu ameacha watoto, mwingine akamjibu kwamba ameacha majani machanga. Huyo wa kofia ndiye profesa wa hesabu anayekunywa chai yangu.

Nilikwenda kulia nyuma ya darasa. Mwalimu alinifuata, akachuchumaa na koti lake. Alinifundisha kwanza neno: mtu huzikwa, kitu hufukiwa. Kisha akauliza kitu ambacho sikukitegemea.

"Sasa niambie. Yakishafukiwa, yanakuwaje?"

"Yanapata joto, mwalimu."

"Umejuaje?"

Nilimwambia kwamba asubuhi za baridi, tukipanda maharage, nilikuwa nazamisha vidole ndani ya ntumba ili vipate moto. Alifikiri. "Labda vidole vyako ndivyo vilivyokuwa baridi," alisema. "Mkono wa baridi huona kila kitu kina joto. Utajuaje kama joto ni la majani?"

Mjukuu wangu, nimesoma vitabu vingi tangu siku ile, na sijakutana na swali kubwa kuliko hilo. Nilirudi nalo nyumbani kama mtu aliyebeba mtungi uliojaa, naogopa lisimwagike njiani. Nilipofika kijijini nilikuwa nimepata la kufanya. Nitengeneze ntumba nyingine, ukubwa uleule, lakini ndani nisitie jani hata moja. Kisha nipashe mkono mmoja kwapani, niuzamishe hapa, niupashe tena, niuzamishe pale.

Sikumwambia mtu. Niliijenga pembeni mwa shamba, karibu na kijito, mahali ambapo baba hapiti mara nyingi. Nilikuwa na sababu ya kujificha. Kwetu ntumba tupu ni aibu. Ni sawa na kumwandalia mgeni chungu kilichofunikwa vizuri, akifunua hakuna kitu. Mpita njia akiiona atasema nyumba ile wamezaa wavivu.

Nikapima asubuhi kadhaa. Rundo lenye majani lilikuwa na uvuguvugu, lile tupu lilikuwa baridi. Nilimwambia mwalimu. Alifurahi mno, akasema Jumamosi atakuja mwenyewe kuona, na akifika ataongea na baba kuhusu bweni. Nilirudi nyumbani naruka.

Lakini Jumamosi hiyo, kabla mwalimu hajafika, mbuzi wa jirani alipanda juu ya ntumba yangu na kuibomoa ubavu. Baba alikwenda kumfukuza mbuzi, akaona ndani.

"Nani amefanya huu upuuzi kwenye shamba langu?" Sauti yake ilifika mpaka kwenye kijito na kurudi.

Ndiyo kwanza nilikuwa nimekiri mwalimu alipotokea, koti limefungwa vifungo vyote. Salamu zilikuwa fupi, jambo lisilo la kawaida kwetu.

"Mwalimu, hiki ndicho mnachowafundisha?" baba alisema. "Kudanganya ardhi?"

"Kosa ni langu, mzee. Nilimwuliza swali, ndiyo namna yake ya kunijibu. Binti, mweleze baba."

Nilieleza, macho chini. Baba alinisikiliza mpaka mwisho. Mwalimu akapiga magoti, akazamisha mkono katika ntumba ya majani, kisha katika ile iliyobomolewa, upande uliosalia. Akatikisa kichwa. "Mimi naona baridi kotekote," alisema. "Nchi yenu hii, mzee, kwangu hata moto wa jikoni ni baridi."

Baba alicheka. Hakutaka, lakini alicheka. Kisha akainama, labda amwonyeshe mgeni, akaingiza mkono wake mkubwa hapa, akauacha. Akahamia pale. Akarudi tena hapa. Niliona uso wake umebadilika. Hasira ilikuwa imekwenda, na mahali pake palikuwa na kitu nilichokuwa nimekiona tu alipokuwa akitazama mawingu.

"Kuna tofauti," alisema. "Lakini mwanangu, rundo hili tupu umelijenga karibu na maji. Hata ungelijaza majani, hapa lingekuwa baridi. Umejuaje kama si maji?"

Sote watatu tuliyatazama yale marundo mawili kana kwamba mojawapo litasema.

"Na hayo majani," baba aliendelea, sasa akijiuliza mwenyewe, "moto yanautoa wapi, nani kawasha?" Akamgeukia mwalimu. "Huko kwa masista wanalijua hili?"

Kama mwalimu angetaka kunipeleka tu, angesema ndiyo. "Sijui, mzee," alisema. "Labda hawalijui. Labda wanamjua anayelijua."

Baba alichukua jembe. Akatembea hadi katikati ya shamba, palipo pakavu, karibu na njia ipitwayo na kila mtu, akaanza kurundika udongo mtupu bila jani. Mama alitoka nyumbani, akasimama, mkono mdomoni.

"Watu watasema nini?" aliuliza.

"Watauliza, nami nitawaambia," alisema baba bila kuacha kulima. "Mwalimu, andika jina lake."

Niliporudi likizo ya kwanza, nilipiga magoti kumsalimu. Aliitikia, akaninyanyua, na kabla sijatua mzigo akauliza, "Wamekwambia?"

"Bado, baba."

"Wazembe hao. Waulize tena."

Ilichukua miaka mingi na nchi zaidi ya moja kabla sijaweza kumweleza vizuri kwamba ndani ya udongo kuna viumbe wadogo wanaokula majani yale, na kula kwao ndio moto wenyewe. Alifurahi, kisha akauliza wao wanaliwa na nani, nikarudi tena kusoma.

Muda huo wote, kila mwaka mvua zilipokaribia kuisha, alijenga ntumba moja tupu katikati ya shamba. Wapita njia walimcheka. "Mzee, leo umechoka?"

"Hiyo si yangu," aliwajibu. "Ni ya binti yangu. Nayo iko shuleni, kama yeye."