Ashiru Atafuta Wakili

Ashiru alizaliwa Newala, lakini sehemu kubwa ya maisha yake ya utu uzima aliishi Chiwata, kwa wakwe zake. Alipomuoa Sophia alihamia huko, kama walivyofanya wanaume wengi wa kwao, akapewa kipande cha pori la ukoo wa mkewe. Alilifyeka, akapanda mikorosho, na kila msimu akaipalilia na kuipulizia dawa ya salfa. Walipata watoto watatu, mkubwa wao Hamudi. Watoto walipoondoka nyumbani, ndoa ikachoka. Hakukuwa na kisa kikubwa. Waliacha kuzungumza, halafu wakaacha kula pamoja. Baraza la usuluhishi la kata liliwaita, likashindwa kuwapatanisha. Ashiru akatoa talaka, akapanga chumba Masasi mjini.

Ikabaki mali. Shemeji zake walimwambia wazi kwamba mikorosho imeota kwenye ardhi ya ukoo, kwa hiyo ni ya ukoo. Hapo ndipo alipoona anahitaji mwanasheria.

Jirani alimwelekeza kwa wakili Nikolao, mwenye ofisi karibu na stendi. Ashiru akakaribishwa kiti, akaanza moja kwa moja.

"Nimekuja kwa ajili ya mashamba yangu ya Chiwata. Mimi na mke wangu..."

"Samahani, mzee wangu," wakili akamkatiza. "Mkeo anaitwa nani?"

"Sophia. Mama Hamudi."

Nikolao akaweka kalamu chini. "Basi tuishie hapo. Mama Hamudi ni mteja wangu, alikuja mwezi uliopita. Usiniambie zaidi, maana siwezi kuwasimamia wote wawili. Tafuta wakili mwingine, ni haki yako."

Ashiru alitoka ameduwaa. Siku zote alidhani maneno yale ni ya shemeji zake, na Sophia anawafuata tu. Hakuwahi kufikiri kwamba angepanda gari mwenyewe kuja mjini kutafuta wakili. Ilimuuma, ingawa hakuweza kusema ni nini hasa kilichomuuma.

Akapanda gari hadi Newala kwa dada yake, Faidha. Nje ya mahakama ya huko alikutana na mtu mwenye mkoba aliyejitambulisha kuwa wakili, akamhakikishia kwamba mashamba yote yatarudi. Ashiru alipomuuliza ofisi yake iko wapi, yule mtu akasema wakutane mgahawani.

"Huyo kishoka," Faidha alisema aliposimuliwa. "Si wakili hata kidogo. Nenda kwa Happiness, aliyenisimamia kwenye mirathi ya marehemu mume wangu."

"Mwanamke? Si atamhurumia mwanamke mwenzake?"

"Niliokuwa nagombana nao walikuwa wanawake, kaka. Alimsimamia aliyemlipa."

Happiness alikuwa na umri wa kuwa binti yake. Leseni yake ya uwakili ya mwaka huo ilitundikwa ukutani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Ardhi yote ni ya ukoo?"

"Isipokuwa shamba moja tulilonunua sisi wenyewe, upande wa Chidya."

"Hilo ndilo la kugawana. La ukoo sitakudanganya, baba, hutalipata. Lakini kazi uliyoifanya pale ina thamani mbele ya sheria, nasi tutaidai. Nikikuahidi zaidi ya hapo nitakuwa nakuibia."

Kuambiwa hutapata kulimkera Ashiru, lakini hakuna mwingine aliyewahi kumwambia kwamba kazi yake ina thamani. Akasaini mkataba.

Shauri lilifunguliwa Masasi, lakini halikuchukua muda mrefu. Mawakili wawili walikutana, kisha wakawaweka wateja wao meza moja. Mmoja wa shemeji aliyemsindikiza Sophia alianza tena habari ya ukoo. Sophia akamgeukia.

"Sikatai kwamba alipanda," alisema. "Nilikuwepo."

Baada ya hapo mazungumzo yakawa mepesi. Mikorosho ya Chiwata ilibaki kwa Sophia. Kwa kuwa kazi ya Ashiru ilihesabiwa, shamba la Chidya halikugawanywa, alilichukua lote. Hakimu akayaridhia mapatano yao.

Siku hizi Ashiru anaishi Chidya, kwenye nyumba ya vyumba viwili aliyoijenga pembeni ya shamba. Shamba ni dogo, na mikorosho yake bado michanga. Anajipikia mwenyewe, ugali wake mara nyingi ukiwa mbichi. Msimu uliopita Hamudi alikuja kumsaidia palizi, akakaa wiki nzima.