Damu ya Pande Zote Mbili

Kwetu Kitomanga, mkoani Lindi, mtu akikuuliza unafanya kazi gani Dar es Salaam, mara nyingi anataka kujua utaolewa lini. Nilishaacha kujibu kwa kirefu. Nasema nafanya kazi maabara. "Unapima malaria?" Hapana. "Sasa unapima nini?" Hapo mazungumzo hufia, kwa sababu jibu la kweli ni kwamba nashinda kutwa nikifuatilia kitu kisichoonekana kwa macho kinavyobadili umbo, na mwisho wa mwezi nalipwa. Baba alipoelewa hivyo alinitazama kwa huruma, kama mtu aliyeambiwa binti yake anauza vivuli.

Kitu chenyewe kinaitwa himoglobini. Ni protini iliyojaa ndani ya chembe nyekundu za damu, minyororo iliyojikunja na kukumbatiana, na kazi yake ni kuchukua hewa safi mapafuni na kuisambaza mwilini. Ikiwa imebeba hewa ina umbo moja. Ikishaitua inajipinda kidogo, inakuwa na umbo jingine. Kujipinda huko hakuna ubaya. Yangu inajipinda, na yako inajipinda hata sasa unaposoma. Balaa huanza pale kiungo kimoja cha mnyororo kinapokuwa tofauti. Kimoja tu! Basi protini hiyo ikishatua hewa inakuwa na mahali panaponata, inamnasa jirani, jirani anamnasa mwenzake, mpaka zinakuwa fito ndefu ngumu ndani ya chembe. Chembe iliyokuwa laini na mviringo inasukumwa na fito hizo, inapinda kama mundu, inakwama kwenye mishipa myembamba. Ndiyo selimundu. Mwenye nayo anaumwa viungo mpaka analia kama anayevunjwa.

Nakumbuka siku ya kwanza nilipoiona ikifanya hayo. Tulikuwa tumeichuja, tumeiondolea hewa, iko ndani ya kichupa kwenye barafu, rangi yake kama zambarau zilizoiva, inamiminika bila shida. Tukaiingiza kwenye joto la mwili wa mtu. Baada ya muda nikakiinamisha kichupa, na hakikumwagika kitu. Ilikuwa imeganda. Mimi nimekulia kwenye mafuta ya nazi, najua kitu kikiganda unakianika juani kinayeyuka. Hii ilikuwa inagandishwa na joto, tena joto la kifua cha mama. Nilikasirika kweli kweli, mwenzangu wa maabara akadhani nimeungua. Kisha tukairudishia hewa, ikaachia, ikawa maji tena. Tangu siku ile nina ugomvi binafsi na zile fito.

Kazi ile inahitaji pia damu ya watu wazima wasioumwa, ya kulinganishia, na wafanyakazi tulikuwa tunajitolea kwa zamu. Ilipofika zamu yangu nikanyoosha mkono. Damu yangu ilipopimwa ilitoa mistari miwili badala ya mmoja. Nina himoglobini za aina zote mbili, ile nzima na ile yenye kiungo tofauti. Mtu wa namna hiyo haumwi; ile nzima inazizuia zile nyingine zisijipange. Anaweza kuishi mpaka akazikwa na wajukuu asijue. Nikaangalia ile mistari miwili, nikakunja glavu zangu, nikaenda kunywa chai. Nyumbani sikumwambia mtu. Wakati ule shangazi yangu, dada yake baba, alikuwa ameshapokea posa yangu kutoka kwa familia moja ya Lindi mjini, na mimi sikuona sababu ya damu yangu kujadiliwa barazani kwa watu.

Halafu wifi yangu akapiga simu.

Wifi ni mke wa kaka yangu, mtu wa Njinjo, huko Kilwa. Aliolewa kwetu na sanduku la bati na ukili wake, ile mikanda ya miyaa, majani ya mkindu, inayosukwa kisha ikashonwa mikeka. Hakai bure hata dakika moja. Anaongea anasuka, anabishana anasuka. Mtoto wao alikuwa amevimba mikono na miguu, analia hashikiki, na hospitali wakapima wakasema ni selimundu. Nilijua mara moja kilichomaanishwa: baba yake anayo na mama yake anayo, kila mmoja nusu, kama mimi. Lakini nyumbani walikuwa wameshapata jibu lao.

"Wifi, wananirudisha," aliniambia. Sauti ilikuwa kavu. "Shangazi yenu kasema damu ya Njinjo chafu. Kaka yako kanyamaza tu. Mjomba wangu kaitwa aje kunichukua, kikao Jumapili."

"Na mtoto?"

"Anabaki kwenu. Ati mtoto wa kwenu. Ugonjwa ndio wa kwetu."

Niliomba ruhusa kazini, nikasafiri.

Shangazi huyo lazima nimweleze vizuri, nisije nikaonekana namsengenya. Ndiye aliyemkatalia baba asinioze nilipomaliza kidato cha nne. Alisimama kwenye mlango wa nyumba yetu akasema nikiolewa yeye anakata undugu, na baba akaufyata. Ulimi nilionao nimeurithi kwake, sina pengine pa kuutoa. Ndiyo maana ilikuwa vigumu. Nilipomwamkia Jumapili ile, "Shikamoo shangazi," aliitikia, "Marahaba, mwanangu. Umekuja kuniletea jibu la posa, au umekuja na hadubini?"

"Nimekuja kwenye kikao."

"Kikao cha wakubwa hiki."

Kwetu shangazi ana neno. Ndoa za watoto wa kaka yake anazifunga yeye na anazifungua yeye, na baba mtu anabaki kukohoa. Nilikuwa nimelifikiria hilo safari nzima. Nikamjibu kwa adabu zote, "Shangazi, kwa kaka yangu mwenye neno ni wewe. Kwa mtoto huyu anayeumwa, shangazi ni nani?"

Alinitazama. Baba akakohoa. Nikavua viatu nikakaa mkekani.

Tulikaa baada ya sala ya adhuhuri, kwenye ukumbi wa nyumba. Baba, mama, shangazi, kaka, wifi na mtoto mapajani, na mjomba wake wifi, mzee mkimya wa Njinjo aliyekuja na baraghashia safi na uso wa mtu aliyetukanwa. Mlangoni palikuwa na lile sanduku la bati, limeshafungwa, na juu yake ukili uliokunjwa. Kaka yangu alikuwa anachokonoa utomvu wa korosho uliomganda kwenye vidole. Ni mtu wa shamba, mkorosho anaupanda mpaka juu, hajawahi kulazwa. Kwa shangazi huo ndio ulikuwa ushahidi wote.

"Upande wetu wazima," alisema. "Hakuna aliyewahi kuugua ugonjwa huu, si baba zetu wala mababu. Umeingia na mtu. Sisi hatuna ugomvi na ndugu zetu wa Njinjo, tunarudisha kwa heshima tulichokipokea kwa heshima."

Nikaomba ruhusa ya kusema. Niliuchukua ule ukili juu ya sanduku, nikawaonyesha. Nikasema mwili wa mtu unasukwa kwa miyaa kutoka kwa baba na miyaa kutoka kwa mama, na kwamba ugonjwa huu unatokana na muyaa mmoja uliopinda. Mtoto akiupata kwa mzazi mmoja, ule mzima wa mzazi wa pili unaushikilia, ukili bado unatumika. Ili mtoto augue kama huyu, lazima wote wawili wawe wamempa uliopinda. Wote wawili. Hakuna upande unaoweza kuumba ugonjwa huu peke yake, hata ukitaka. Nilisema vizuri, nilijisikia nimesema vizuri, na nikaona mjomba wa wifi anainua uso.

Shangazi akatikisa kichwa polepole, kama anayekubali.

"Kwa hiyo lazima utoke pande zote mbili."

"Ndiyo, shangazi."

"Umesoma, na sisi tunakuamini. Na upande wetu haumo, mwenyewe unamwona kaka yako." Akageuka akamkabili wifi. "Basi mtoto huyu wa nani?"

Mimi ndiye niliyelileta lile panga na kumkabidhi. Mwanamke aliyekuwa anarudishwa kwa ajili ya damu chafu sasa alikuwa anarudishwa kwa ajili ya zinaa, kwa maneno yangu ya maabara. Mjomba wake alisimama. Mama akasema "Astaghfirullahi" kwa sauti ndogo. Na kaka yangu, mwanamume mzima, alikuwa bado anachokonoa vidole vyake.

Wifi hakuinamisha kichwa. Alinitazama mimi moja kwa moja, wala si kwa kuomba, na nikaona aibu ambayo naikumbuka mpaka leo.

"Apime," nikasema. "Kaka akapime, atakutwa nayo."

"Mtu mzima akapime ugonjwa asioumwa? Atapanda mkorosho na cheti mdomoni?"

Kuna hasira ya kelele na kuna hasira inayotuliza mikono. Yangu ilikuwa ya pili.

"Shangazi," nikasema, "mimi ninayo."

"Una nini?"

"Hiyo mnayoiita chafu. Walinipima kazini. Nusu ya damu yangu ni nzima, nusu ni hiyo hiyo ya mtoto. Nimezaliwa nayo humu ndani. Mnaniona ninaumwa? Nimechota maji kwa ndoo kichwani miaka yangu yote ya shule, nimeokota korosho na kaka safu kwa safu. Ndivyo anavyoweza kuwa nayo na yeye, asijue."

"Unasema uongo kumwokoa wifi yako."

"Wallahi ninayo."

Nilimwona anatafuta pa kutokea, na nilijua atakapopita, maana ndiko ningepita mimi.

"Basi umeitoa kwa mama yako," akasema.

Mama aliinua macho. Miaka yote ile katika nyumba ile, na bado alikuwa mtu wa kuja.

"Labda," nikasema. "Au kwa baba. Na baba ni ndugu yako tumbo moja. Twende sote kesho, gari moja, tukapime tuanze na wewe."

Mpaka leo shangazi hajapima, na mimi kila nikienda namkumbusha, na kila nikimkumbusha ananiuliza kama nimeshakula.

Niliendelea, maana nilikuwa nimeshaanza na sikuona pa kuishia. "Mmekubaliana damu hii ikionekana kwa mtu, mtu arudishwe kwao. Sawa. Imeonekana kwangu. Nirudisheni na mimi." Nikakunja miguu vizuri pale mkekani, nikautua ule ukili pembeni yangu. "Haya, nimeshafika."

Baba alikohoa, lakini safari hii kikohozi kilivunjika katikati kikawa kitu kingine, na akafuta macho kwa kiganja. Mama akaja akakaa karibu yangu, goti lake likagusa langu. Shangazi akapata sauti yake ya chini, ile ya mapenzi, ambayo ndiyo mbaya zaidi.

"Mwanangu, Ijumaa mshenga anakuja. Maneno hayo yakifika Lindi, nani atakuoa?"

"Anayetaka aje na majibu yake ya damu mkononi. Tusome pamoja."

Mshenga hakuja Ijumaa ile wala nyingine yoyote. Niliumia, yule kijana aliyeniposa alikuwa anachekesha, na nilishaanza kuzoea sauti yake kwenye simu. Nasema hivyo ili mtu asidhani ujasiri hauna gharama. Lakini sikulia kwa kujuta, na ningekuwa pale tena leo ningeyasema tena, ila ningeanza nayo mapema zaidi.

Kwetu kikao kikishindwa hakifungwi. Watu hujikuta tu wanazungumzia mvua. Baba alishaanza, akauliza Rondo wamepata kiasi gani. Mjomba wa wifi alikuwa bado amesimama na baraghashia yake. Hakumjibu baba habari za mvua.

"Mimi niliitwa kuja kumchukua mtu," alisema taratibu. "Nataka nijue namchukua nani."

Alisubiri, akatutazama mmoja mmoja, bila haraka yoyote, na alipomfikia kaka yangu aliacha macho yake palepale.

Kaka akainuka. Alipita katikati yetu, akalishika lile sanduku la bati mlangoni, likamlemea upande mmoja, akalibeba mpaka chumbani kwao. Tulilisikia likigonga sakafu. Alipotoka alisimama pale mlangoni pa chumba, mikono mitupu, akingoja mtu aseme neno zuri. Mimi sikusema. Lilikuwa sanduku la mkewe, na lilikuwa limekaa nje tangu asubuhi.

Wifi alimhamisha mtoto bega la pili. Hakutabasamu.

"Na ukili wangu," alimwambia. "Umeuacha hapo chini."