Siku Niliyombeba Meneja kwenye Gunia

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa nilikuwa na ugonjwa mmoja tu: mdomo. Niliongea kanisani, niliongea nikiwa nimejaza uji mashavuni, na mama anaapa kwamba hata usingizini nilibishana na watu. Ndiyo maana nyumba nzima iliangua kicheko Kukhu aliponichagua mimi kumbeba paka.

Tulikuwa tunahama. Baba alikuwa karani wa serikali na amehamishiwa Kitale, nasi tuliishi Misikhu kwa mama yake, ambaye kila mtu alimwita Kukhu, yaani nyanya. Kukhu mwenyewe alikataa kuhama. Alisema baridi ya Kitale inafaa mahindi, si magoti yake. Lakini kuhusu paka alikuwa na neno. Paka wetu alikuwa dume la kijivu, tukamwita Meneja kwa sababu alikagua kila kitu na hakufanya kazi yoyote.

"Paka hahamishwi ovyo, atarudi," Kukhu aliniambia. "Anaingia kwenye gunia, asione njia. Na anayembeba hafungui mdomo kutoka hapa mpaka mlango wa huko. Akisikia sauti ya mwenye paka, anaiweka njiani kama alama. Kesho anazifuata, anarudi."

"Na wengine wakiongea?"

"Hiyo ni kelele tu. Paka ni wako."

"Na nikipiga chafya?"

"Wewe mtoto!"

Senge Nekesa, dada yake baba, aliyekuwa anatusindikiza, alijishika mbavu. "Mama, huyu? Si hata Lugulu hafiki, bana!"

Lakini Meneja alikuwa wangu. Alilala miguuni pangu tangu akiwa mdogo wa kutosha kuingia kwenye kiatu cha baba. Nikaufunga mdomo.

Baba na mama walikaa mbele na dereva. Nyuma ya lori tulikuwa mimi, gunia mapajani, Senge juu ya magodoro, na mbwa wetu Chui, aliyeogopa kuku, amefungwa kwa kamba ya katani kwenye mguu wa kitanda. Lugulu ikapita, nikanyamaza. Senge akanichokoza: "Sema jina lako tu nikupe ndizi." Nikanyamaza. Karibu na Kamukuywa tulipita mtu kwenye baiskeli amembeba mbuzi mgongoni kama mtoto, amemfunga kwa leso kabisa. Jamani! Neno lilipanda mpaka kwenye meno, nikalimeza zima zima. Mpaka leo nikisikia kiungulia nafikiri ni lile.

Kiminini tukasimama, baba akanunua mahindi ya kuchoma, Senge akapokea lake na kunipa mgongo ili ale kwa raha. Lori likaondoka. Hapo ndipo nilipoiona kamba ya Chui. Mwisho wake ulikuwa umetafunwa. Chui mwenyewe alikuwa kule chini, kando ya jiko la mama wa mahindi, ananusa magunzi na kutikisa mkia, hana habari kwamba familia yake inaenda.

Nikamvuta Senge nguo. Nikaweka mikono kichwani kama masikio.

"Unataka kukojoa?"

Nikatoa ulimi, nikahema. Nikapiga magoti, nikazunguka godoro kwa miguu minne, nikatikisa makalio.

"Uwi! Mtoto ameingiwa na pepo!" Senge aliangusha hindi, akanishika kichwa na kuanza kukemea mapepo kwa jina la Yesu.

Miaka mingi baadaye, nilipofundishwa kuigiza jukwaani, niliambiwa kwamba watazamaji wasipoelewa, kosa ni la mwigizaji. Mimi bado namlaumu Senge.

Nyuma yetu Chui alikuwa ameanza kukimbia. Alikuwa anazidi kuwa mdogo. Mapajani, Meneja akajigeuza ndani ya gunia. Nilijua vizuri nikifungua mdomo nampoteza nani. Nikaufungua.

"Simamisha! Chui ameachwa! Chui!"

Dereva akakanyaga breki mpaka kabati likatuangukia. Chui akafika ulimi ukining'inia, akapandishwa. Nililia mpaka Kitale, na kwa kuwa mdomo ulikuwa umeshafunguka, nililia huku nikiongea.

Meneja alikaa nasi siku nne. Ya tano maziwa yake hayakuguswa. Nilimwita kwenye mashamba ya mahindi mpaka sauti ikanikauka, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea. Baba alisema ameenda kutafuta mke. Mwezi ulipoisha, mchuuzi mmoja wa sokoni akatuletea habari kutoka Misikhu: Meneja yuko jikoni kwa Kukhu, amekonda, sikio moja limechanika, ila yuko.

Shule zilipofungwa tulienda kumtembelea Kukhu. Meneja alikuwa mapajani pake, amenenepa, akaniangalia kama mtu aliyekuja kuomba kazi. Nikaungama yote. Kukhu alimpapasa paka lile sikio lililochanika.

"Huyu alijua njia," akasema. "Mbwa wako angeijua?"

"Hapana, Kukhu."

"Basi."

Watu huniuliza kama naamini mambo hayo. Wajuzi wa wanyama husema paka hurudi alikozoea, uongee usiongee, na sina ugomvi nao. Lakini sasa watoto wangu wameanza kuondoka mmoja mmoja, na nimeujua ukimya unaobaki kwenye viti. Kukhu aliupata wote kwa asubuhi moja, lori zima. Hakutulalamikia. Hata masharti ya kumzuia paka asirudi kwake alitupatia yeye mwenyewe.

Kama ningenyamaza mpaka mlangoni, huenda tungebaki na paka na yeye angebaki peke yake. Nimesema mengi ya kujutia katika maisha haya. Yale ya Kiminini siyajutii.