Diski ya Mama Mkubwa

Kwenye ukoo wetu mimi ndiye mtaalamu. Cheo hicho nilipewa bila usaili, kwa sababu nafundisha kompyuta katika sekondari moja hapa Musoma, na kwa sababu simu yoyote inayogoma kuwaka, kuanzia Butiama mpaka Bunda, lazima ipite mikononi mwangu kabla haijatupwa. Nakiri kwamba nilikipenda. Mtu akiniita mtaalamu, kichwa kilikuwa kinavimba hapo hapo.

Ndiyo maana ile diski nilikabidhiwa mimi. Mama mkubwa, mke wa marehemu kaka yake baba, hakujaliwa mtoto wa kiume. Kwetu mjane wa namna hiyo anaweza kutoa ng'ombe akaoa mwanamke, ili mwanamke huyo azae watoto wa jina la nyumba. Yeye alioa msichana kutoka Kibara, nami nikawa namwita shemeji, kama mke wa ndugu yangu ambaye hakuzaliwa. Wakapata binti mmoja. Walilima pamoja miaka mingi pale Mwitongo, wakachekana na kununiana kama watu wa nyumba yoyote, na majirani wakawazoea.

Alipoanza kuugua, mama mkubwa alijua fika kwamba akishafukiwa, baba zangu wadogo watauliza shemeji anakaa pale kwa mume gani. Akamwita mpiga video kutoka Nyasura, pale Bunda, akaniita na mimi. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, kanga mpya mabegani, akasema mbele ya kamera nani abaki na mji wake, nyumba na mashamba yote. Mimi nilishika kitambaa cheupe cha kurudisha mwanga usoni kwake. Mpiga video akaihamishia kazi hiyo kwenye diski ya nje, nyeusi, ndogo kama kitabu cha nyimbo, kisha akafuta ya kwake ili apate nafasi ya harusi. Ikabaki nakala moja. Nikaitia kwenye droo. Nawachosha wanafunzi kila muhula kwa habari ya kutunza nakala mbili, na mimi mwenyewe nikatunza moja.

Mama mkubwa akafariki, tukazika. Kikao cha ukoo kikapangwa Jumamosi pale Mwitongo, na mimi nikaambiwa nije na video. Alhamisi, baada ya vipindi, nikaichomeka ile diski kwenye kompyuta ya shule.

Taa yake iliwaka, ikanguruma kidogo, lakini haikufunguka. Nikabadilisha waya. Nikahamia tundu la nyuma. Nikazima kompyuta, nikawasha tena. Nikaingia kwenye orodha ya diski zote, nikaikuta imo, ujazo wake kamili, ila haina jina. Kompyuta ikaniuliza kama nataka kuifomati, maana bila hivyo haiwezi kutumika.

Najua kufomati ni nini. Ni kufuta, na hilo nalifundisha kidato cha kwanza. Najua pia kwamba diski iliyoandaliwa kwenye kompyuta ya aina nyingine inaweza isisomeke kwenye ya kwako na isiwe na ubaya wowote. Kompyuta ya mpiga video ilikuwa ya aina nyingine, nilikuwa nimeiona kwa macho yangu. Kilichotakiwa ni kuchomoa diski, kuitia mfukoni na kwenda Bunda.

Lakini kuna jambo jingine, na nimelizunguka muda mrefu. Asubuhi ile baba mdogo mmoja alikuwa amenipigia simu. Alisema mji ukirudi kwenye ukoo, kile kipande cha shamba cha barabarani watanikatia mimi, maana haipendezi mwalimu mzima kupanga chumba mpaka anastaafu. Sikumjibu ndiyo wala hapana. Nilicheka tu, na yeye akacheka.

Walimu wawili walikuwa wamesimama nyuma yangu. Mmoja akasema, "Leo mtaalamu kapatikana." Nikabonyeza ndiyo.

Mpaka leo sijui kilichobonyeza ni aibu au ni kile kipande cha barabarani. Siku nikitaka kujihurumia nasema ni aibu. Diski ikafunguka, tupu kabisa, na ili kuwaonyesha wenzangu kwamba imepona, nikamiminia humo picha na video za mahafali ya shule mpaka ikajaa.

Ijumaa nikaomba ruhusa nikaenda Bunda. Mpiga video aliichomeka kwake, akaziangalia picha zangu za mahafali, akawasha programu ya kurudisha vitu vilivyofutwa. Tukakaa kutwa nzima tukiisubiri itafute. Haikupata hata sauti ya mama mkubwa akikohoa.

"Mwalimu," akasema, "hii haikuwa mbovu. Ungeileta tu, hapa ingefunguka."

"Haiwezi kurudi?"

"Ungeiacha tupu, ingerudi. Sasa umepakia vitu juu yake."

Alisema kwa upole, na upole wake uliniumiza kuliko kama angenikaripia.

Jumamosi, mbele ya ukoo, nilisimama nikasema diski imeharibika. Sikusema nani kaiharibu. Niliipanga sentensi njia nzima kutoka Musoma, ili ionekane imejiharibu yenyewe. Baba mdogo akatazama kofia yake. Wazee wakatikisa vichwa, wakasema mambo ya mashine ndivyo yalivyo.

Shemeji alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu na mlango, binti yake ubavuni. Akaomba ruhusa ya kusema.

"Shemeji, hiyo mashine tuiache. Wewe si ulikuwepo? Mama alisemaga lazima asikie mwanamume wa mji huu. Ndiyo maana akakuita."

Hapo ndipo nilipoelewa. Kwetu maneno ya mtu anayeaga yanataka sikio la upande wa mume, na mwanamume wa ukoo akiyasema kikaoni, yanasimama. Mama mkubwa hakuniita kwa utaalamu wangu. Video ilikuwa nyongeza. Shahidi nilikuwa mimi, na mimi sikuwa nimefutwa. Nilikumbuka kila neno: "Mji huu ni wa mke wangu na binti yangu. Atakayewatoa, ananitoa mimi kaburini." Nilikumbuka hata alipopumzika kumeza mate.

Watu wote walinigeukia. Baba mdogo naye alinyanyua macho kutoka kwenye kofia.

"Sikumbuki vizuri," nikasema.

Shemeji hakubisha. Kikao kikampa muda wa kuvuna mihogo, kisha arudi kwa kaka yake Kibara. Kipande cha barabarani walinipimia siku hiyo hiyo, kwa hatua, kabla chakula hakijaiva. Chakula chenyewe alikipika yeye, na maji ya kunawa aliniletea yeye.

Siku ya kuondoka nilikwenda kumsaidia mizigo. Binti alibeba sufuria, mimi nikabeba godoro mpaka barabarani. Gari lilipotokea, shemeji alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Usijilaumu, shemeji," akasema. "Mashine zinaharibikaga tu. Wewe ulijaribu."

Nikamwambia asante.